Sijagusa Kichwa

Fundi wa mionzi alikosea mstari mmoja. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na kinyago alichomvisha mama yangu kilikuwa kimekwisha kupoa. Wanachukua bamba la plastiki lenye matundu, wanalilainisha katika maji ya moto, wanalibandika usoni mwa mgonjwa, na baada ya dakika chache linakuwa gumu na kushika umbo la pua, kidevu na paji la uso. Kisha wanalifunga kwenye meza ili kichwa kisisogee. Alama zote wanazichora juu ya plastiki, si juu ya ngozi.

Kijana aliutazama mstari wake, akasema, "Pole Mama, hapa nimekosea kidogo," akachovya pamba kwenye spiriti na kuufuta. Kinywa cha Mama kilikuwa kimebanwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Harufu ya spiriti ilinifikia pale.

Nakaribia miaka arobaini. Nafanya kazi Masoro, hapa Kigali, katika kiwanda cha nguo, ambako natengeneza patroni: nakata karatasi ngumu ambazo wengine watazifuata kukata vitambaa mia kwa mkupuo mmoja. Nikikosea milimita tatu, mashati mia yanakosea. Shule niliiacha mapema, mengine nimejisomea mwenyewe, na miongoni mwa niliyojisomea kwa muda mrefu kuliko yote ni namna mionzi na dawa zinavyotumika kutibu uvimbe kwenye ubongo. Nilianza kabla saratani ya mama haijatoka kwenye titi na kupanda kichwani. Nilianza kwa sababu ya dada yangu Hadija, na kwa sababu ya harufu hiyo.

Tulikaa Nyamirambo, chini ya msikiti, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa duka la ushonaji. Mama alikuwa na vyerehani viwili, kabati la vitambaa na meza ndefu ya kukatia. Alishona sare za shule, na alinifundisha kazi tangu nilipoweza kuona juu ya meza. Kabla ya kunipa sindano alinifundisha mistari. Mstari mzima wa chaki ni wa mkasi. Mstari wa vipande vipande ni wa sindano. Msalaba mdogo ni mahali pa kutoboa. "Ukishachora," alikuwa akisema, "nusu ya kazi imekwisha. Nusu iliyobaki ni kukata, na hapo hakuna kurudi nyuma." Pia alinifundisha kutoa wino, kwa sababu sare nyingi zilirudi zikiwa na madoa ya kalamu mifukoni. Unakunja kitambaa cheupe mara nne. Unakilowesha spiriti. Unagandamiza, husugui, kuanzia nje kwenda ndani ili doa lisitambae, na upande mmoja ukichafuka unageuza upande mwingine. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilikuwa natoa wino vizuri kuliko mtu mzima.

Hadija alikuwa na miaka kumi na tano na hakujua hata kuvalisha uzi sindano. Alikuwa msomaji. Mama alisema mikono yake ni ya kalamu, na alijivunia hilo mbele ya wateja. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Aliniita Gatoya, yaani mdogo, au sha tu, kama marafiki wanavyoitana kwetu, na alinisimulia habari za nchi alizozisoma kwenye vitabu kana kwamba amerudi huko jana.

Ugonjwa ulianza kwa vikombe. Kila asubuhi aliamka na maumivu ya kichwa, akatapika, akapona kufikia saa nne. Kisha mkono wake wa kushoto ukaanza kuangusha vitu. Alipovunja kikombe cha tatu Mama alimpiga kofi. "Uko wapi wewe? Akili yako iko wapi?" Hadija alicheka, akasema labda aliisahau darasani. Alipovunja cha tano hakucheka, na Mama hakupiga. Mjomba Saidi, aliyekuwa akifanya biashara ya vitambaa Kampala, alimpeleka huko kwa basi, kwa sababu hapa kwetu wakati ule hapakuwa na mashine ya mionzi. Nilibaki na kitanda kizima kwa muda uliotosha kuzoea.

Siku aliporudi sikumtambua. Uso ulikuwa wa mviringo kama sahani, mashavu yamejaa, shingo imenenepa. Sasa najua zilikuwa dawa za kupunguza uvimbe, ambazo humjaza mtu maji na kumpa njaa isiyokwisha. Wakati ule nilifurahi, na jirani yetu Mama Shabani alifurahi kuliko mimi.

"Yewe! Kampala iko chakula!" alisema, akimshika mashavu. "Tazama mtoto alivyonona. Na mnasema mgonjwa?"

"Mgonjwa wa ugali," Hadija alisema.

Mtandio wake ukateleza. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na juu ya sikio la kulia palikuwa na mraba wa mistari ya zambarau, mizima, iliyonyooka, na katikati ya mraba msalaba mdogo. Upande wa kushoto vilevile. Mama Shabani aliachia mashavu.

"Iko nini hapo? Msalaba? Hadija, wamekubatiza?"

"Ni alama ya mashine," Mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Mashine ya Wakristo, basi." Akacheka, na wateja wawili waliokuwa mlangoni wakacheka, na kufikia Ijumaa watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwita Hadija "Paska", kama msichana wa Kikristo.

Kila neno la maelezo niliyonayo nimelipata nikiwa mtu mzima. Tiba yake iligawanywa sehemu mbili: majuma kadhaa ya mionzi, kisha mapumziko ili ngozi na mwili vipone kidogo, kisha sehemu ya pili mahali palepale. Mistari ilichorwa kwenye ngozi, na kila siku mashine ilielekezwa kwa kuifuata. Kwa hiyo aliporudi nyumbani kupumzika aliambiwa kichwa kisiguse maji wala sabuni mpaka arejee. Hata kutawadha, mahali pa kupaka maji kichwani, Mama alikwenda kuuliza msikitini, na Hadija akawa anatayamamu, anapigapiga ukuta wa udongo wa jirani kwa viganja na kupaka uso na mikono. Haya yote niliyaona. Hakuna aliyenieleza. Miaka ile watu wazima hawakueleza mambo. Walikuwepo wengi ambao hawakuwepo tena, baba yetu akiwa mmoja wao, na sisi watoto tulikuwa tumefundishwa kutouliza. Walikuwepo pia watu mtaani wenye makovu kichwani, makovu marefu, yaliyonyooka, ambayo nywele hazikuota juu yake. Muuza mkaa alikuwa nalo. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa nalo. Hatukuuliza. Lakini tulijua ni ya mapanga.

Kwa hiyo nilikuwa na mistari mizima kwenye kichwa cha dada yangu, na msalaba katikati. Nilikuwa na makovu ya muuza mkaa. Kisha nikamsikia Mama akimwambia Mama Shabani mlangoni: "Wamefanya nusu. Nusu iliyobaki ndiyo kazi yenyewe."

Niliisikia kama mtoto wa fundi. Kampala walikuwa wamechora. Sasa watakata.

Nilimwuliza Hadija tukiwa kitandani mchana, baada ya kidonge chake. "Watakukata?"

Alikuwa anachekesha watu hata alipokuwa hoi, na nadhani siku ile alikuwa hoi. "Ndiyo, sha. Watafungua hapa kama kopo la maziwa. Watatoa kilichomo, watauza sokoni Kampala. Ubongo wa Kigali iko bei."

"Halafu?"

"Halafu watanirudisha kwako. Wewe si fundi? Utanishona. Uzi wa rangi gani?"

"Mweusi," alijijibu mwenyewe akisinzia, "usionekane."

Siku ya pili yake Mama alikwenda kupeleka sare shuleni, ng'ambo ya bonde. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, mtaa umetulia. Hadija alikuwa amelala ubavu, upande wa kulia juu. Nilivuta kiti, nikapanda, nikashusha chupa ya spiriti kutoka rafu ya juu. Nilikata kitambaa cheupe kwenye mabaki ya kola, nikakikunja mara nne.

Nilifanya kazi nzuri. Nasema hivi kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo jambo baya zaidi. Nilianza nje ya mraba kwenda ndani. Niligandamiza, sikusugua. Nilipogeuza upande nilipuliza ili pakauke. Ngozi iliyokuwa ndani ya mistari haikuwa kama ngozi nyingine: ilikuwa nyeusi zaidi, kavu, imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka, na nywele ndani yake hazikuwa zimeota hata moja ingawa nje zilianza kuchomoza. Spiriti ilipoigusa Hadija alikunja uso na kusema, bila kufungua macho, "Mama, moto." Nikapuliza tena. Dawa yake ilikuwa nzito, hakuamka. Nilimgeuza kichwa taratibu na kufuta upande wa pili. Msalaba ulikuwa mgumu kuliko mistari, wino ulikuwa umerudiwa mara nyingi. Ulipotoka, nilihisi furaha ambayo sijaipata tena kwa kazi yoyote. Hakuna fundi anayekata kitambaa kisicho na mstari. Nilikuwa nimemwokoa.

Nilirudisha chupa. Kitambaa kilichokuwa kimelowa zambarau nilikificha kwenye droo ya cherehani cha pili, chini ya bobini.

Mama alirudi kabla ya alasiri. Alisimama katikati ya chumba akanusa. Alimwendea Hadija, akamwondolea mtandio, akatazama upande mmoja, akamgeuza, akatazama wa pili. Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba na kutoa maji. Alirudi dukani, nikasikia rafu, nikasikia droo ikifunguliwa na kufungwa. Aliporudi alinipita pale mlangoni bila kunitazama, akamwinua Hadija kwa bega na kumpiga kofi.

"Umefuta!"

Hadija alikuwa bado hajaamka vizuri. "Nini?"

"Umefuta mistari! Kwa ajili ya vitoto vinavyokuita Paska! Umefuta kwa spiriti kama kahaba anayefuta rangi ya kucha!"

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi sikuwepo. Huyu ni mtoto."

Hadija alinitazama, kisha akautazama mkono wake wa kulia. Aliuinua, akaunusa. Alinusa kiganja, akanusa vidole kimoja kimoja. "Hauna harufu," alisema.

"Umenawa."

"Sikumbuki kunawa."

"Hukumbuki," Mama alisema. "Jana umeuliza mara tatu kama umekula. Wewe hukumbuki chochote."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa akiuliza. Niliona linavyomwingia: alifumba macho akaitafuta ile saa moja iliyopotea, na hakukuta kitu, na akakubali. "Labda ni mimi," alisema. "Nisamehe, Mama."

Mimi nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na sekunde za kutosha. Nilichofikiria ni kwamba nikisema, Mama atataka mistari ichorwe upya, na ikichorwa upya watamkata. Huo ndio uongo niliojiambia kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeliona kofi.

Mama hakuhitaji nimwambie. Alitoa chupa ndogo ya dawa ya zambarau ya vidonda, akachonga kijiti cha kiberiti, akachukua utepe wa kupimia. Baadaye nilielewa kwa nini hakuwaandikia watu wa Kampala kwamba mistari imefutika. Mashine ilikuwa moja, watu walitoka nchi nzima na nchi za jirani kuisubiri, na anayeanza upya alirudi mwisho wa foleni. Hadija hakuwa na muda wa foleni. Basi Mama alichora mwenyewe. Alifuata ukingo wa ngozi nyeusi isiyo na nywele, akanyoosha pembe kwa rula ya mbao, akakunja karatasi ili apate katikati, akaweka msalaba. Alichora juu ya ngozi iliyochubuka. Mimi niliambiwa nishike kichwa kisicheze.

"Tulia."

"Inauma."

"Umejitakia. Tulia."

Nilishika vizuri. Kichwa hakikucheza.

Siku iliyofuata Hadija alitoa daftari la shule lenye kurasa tupu nyuma. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, uliokuwa umeanza kupanda mlima kuelekea pembeni mwa ukurasa: Nimekunywa kidonge. Nimekula. Sijagusa kichwa.

"Gatoya, njoo," alisema. "Mama asijue. Mimi siwezi kujiamini tena, sha. Nitaandika kila siku, na wewe utakuwa shahidi. Umeniona leo?"

"Ndiyo."

"Nimegusa kichwa?"

"Hapana."

"Basi andika: nimemwona. Weka jina."

Niliandika. Siku iliyofuata niliandika tena. Alifurahi kila mara, kama mtu aliyefaulu mtihani. Ilifika mahali akawa analala amefunga mkono wake wa kulia kwa mtandio kwenye ubao wa kitanda, ule mkono uliobaki mzima, ili usimsaliti usingizini. Asubuhi mimi ndiye niliyeufungua. Kabla sijaufungua alikuwa na mkono uliofungwa na mkono uliokufa, na mimi nilimlisha uji.

Alirudi Kampala na Mjomba kumalizia nusu yake. Mjomba alisimulia baadaye kwamba mtu wa mashine alitazama mistari akauliza mbona wino ni mwingine, na Hadija akajibu kwamba ulififia na mama yake akauongezea. Yule mtu aliangalia karatasi yake, akapima hapa na pale, akaendelea na kazi. Foleni ilikuwa ndefu.

Ilipokwisha mionzi zikaja dawa. Zilikuwa kapsuli, anazimeza siku moja kisha anapumzika majuma kadhaa, na dereva wa basi alizileta ndani ya bahasha. Siku ya kapsuli Mama alifunga duka. Hadija alitapika mpaka kikatoka kijani, kisha hakikutoka kitu na bado alitapika. Mdomo ukajaa vidonda. Alipokwangua goti kidogo damu haikutaka kukoma. Nimesoma tangu hapo kwamba dawa hizo huua seli zinazogawanyika haraka, na hazichagui: uvimbe hugawanyika, utando wa mdomo hugawanyika, damu hugawanyika. Wakati ule niliona tu kwamba wanamwua kwa bahasha.

Mistari ilikuwa haina kazi tena. Mama aliiosha kwa maji na sabuni siku ya kwanza Hadija aliporudi. Lakini Hadija aliendelea kuandika. Sijagusa kichwa. Herufi ziliporomoka, maneno yakapungua, mwisho likabaki neno moja, Sijagusa, na chini yake maandishi yangu yaliyonyooka ya mtoto mwenye bidii: nimemwona. Kurasa kumi na nane. Alifariki asubuhi, Mama akiwa anamgeuza ubavu. Daftari nilikuwa nimekwisha kulificha.

Nilipokua nilitaka kujua jambo moja tu: kama mistari ya Mama ilikosea kwa kiasi gani, na kama kukosea huko kulikuwa na maana. Nilisoma kwa miaka, si usiku bali wakati wa mapumziko ya mchana kiwandani, mguu juu ya marobota. Nilijifunza kwamba ukingo wa mionzi ya mashine zile za zamani haukuwa mkali, ulififia kama rangi kwenye maji, kwa hiyo ngozi iliyoungua si kipimo sahihi cha mahali mraba ulipokuwa. Nilijifunza kwamba baadhi ya uvimbe hurudi hata kila kitu kikifanywa sawasawa. Sijui wake ulikuwa wa aina gani, karatasi zake zilipotea. Nilitaka kipimo. Hakuna. Katika kazi yangu, kosa likitokea, tunarudi kwenye patroni, tunaweka rula, tunajua. Hapa patroni ilifutwa, na niliyeifuta ni mimi.

Siku ile ya kinyago, Mama alipotolewa mezani, tulikaa kwenye benchi la korido kungoja karatasi. Matundu ya plastiki yalikuwa yamemwachia alama za vidoti paji zima la uso.

"Siku hizi wanachora kwenye plastiki," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Mtoto hawezi kuharibu."

Nilidhani ni maneno tu. Akanyoosha kanga magotini, akaanza kuikunja pindo kwa vidole, mara moja, mara mbili, mara nne.

"Hadija hakujua kukunja kitambaa," alisema. "Nilimfundisha mtu mmoja tu."

Korido ilikuwa na watu wengi na hakuna aliyegeuka. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo ilitoka ya miaka tisa, kwa nini basi alimpiga yeye.

"Yeye alikuwa anasahau. Nilisema kofi litamtoka kufikia asubuhi. Wewe lingekukaa." Akalikunjua pindo. "Na yeye alikuwa anaondoka. Wewe ndiye niliyebaki naye. Mtu hawezi kuwaharibu wote wawili."

"Hakusahau, Mama. Aliandika."

"Aliandika nini?"

Nesi akaita jina lake.

Nilipanga kumletea daftari, lakini juma lile nilikuwa zamu na nilitaka kuchagua siku atakapokuwa na nguvu. Huo ni uzembe wa watu wanaopanga. Nilipokwenda Nyamirambo na daftari kwenye mkoba, Mama alikuwa amekaa kitandani, mionzi imemchosha, na kile kilichokuwa kichwani kilikuwa kimeanza kula majina na siku. Nilikaa karibu yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa sentensi moja.

"Mama, mistari ya Hadija niliifuta mimi."

Alinitazama kwa ukali wa zamani, ule wa dukani.

"Usimchukulie dada yako dhambi zake," alisema. "Ulikuwa mtoto mdogo, hukufika hata rafu. Alifuta Hadija mwenyewe. Kwa sababu ya wale watoto."

"Uliniambia juzi unajua. Kile kitambaa..."

"Kitambaa gani? Nilimpiga na sijuti. Alijiharibia mwenyewe. Alikiri."

"Mama."

"Alikiri! Ulikuwepo. Alisema, labda ni mimi. Hukumsikia?"

Nilisema nilimsikia. Alitulia, akaegemea mto, akaniomba maji. Niliukaribia mkoba mara mbili na mara mbili nikauacha. Baada ya wiki mbili hakuweza tena kusoma.

Sasa daftari liko mbele yangu, kwenye meza ya kukatia, kiwanda kimetulia kwa mapumziko ya mchana. Linaanza siku moja baada ya ile siku niliyofuta mistari. Juu ya mstari wake wa kwanza kuna nafasi tupu, pana kama vidole viwili, aliyoiacha kwa ajili ya kichwa cha habari ambacho hakukiandika. Nimeandika hapo: Leo Hadija hajagusa kichwa. Nimemwona. Nikaweka jina langu lote.

Nilitumia kalamu tunayoandikia lebo za marobota. Wino wake hautoki kwa spiriti. Niliujaribu kwanza kwenye kipande cha kola, nikikunja kitambaa mara nne.